Barakoa Haitoi Vumbi Lililokwisha Kuingia

Katika semina za afya ya wachimbaji wadogo, iwe Kahama, Geita mjini au Nyarugusu, ipo sentensi moja ambayo lazima itamkwe kabla ya chai ya saa nne: kinga ni bora kuliko tiba. Wasemaji hubadilika, fulana za mradi hubadilika rangi, sentensi haibadiliki. Mchimbaji avae barakoa, mwamba uloweshwe kabla ya kuchorongwa, karasha za kusagia mawe ziwekwe mbali na nyumba za watu. Hapo mjadala umekwisha. Akitokea mtu akauliza wale ambao vifua vyao vimeshaharibika wanafanyiwa nini, hujibiwa kwa upole uliochanganyika na dharau kwamba mambo ya kuchunguza seli za kinga maabara na kusaka dawa mpya ni ya nchi zenye hela. Sisi tuhangaike na vumbi.

Jibu hilo limezoeleka hata halionekani tena kuwa ni msimamo, linaonekana kuwa ni akili ya kawaida tu. Maofisa wanalo, wafadhili wanalo, na madaktari wengi ninaowaheshimu wanalo. Mimi naona ni kosa, tena kosa linaloua polepole. Simshangai mwanasiasa akilisema. Namshangaa mtaalamu anayejua vizuri silikosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la mawe, ni nini, kisha akaendelea kulirudia.

Tuanze na hiyo barakoa. Dhahabu ya ukanda huu wa Geita na Shinyanga mara nyingi hukaa ndani ya mishipa ya kwatzi, na kwatzi ikichorongwa, ikilipuliwa kwa baruti au ikisagwa hutoa vumbi la silika. Mwaka 2015 vilichapishwa vipimo vya hewa kutoka machimbo madogo ya dhahabu hapa Tanzania. Kwa wachorongaji walio chini ya ardhi, wastani wa silika inayoweza kufika ndani kabisa ya mapafu ulikuwa miligramu 16.85 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Kiwango kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni miligramu 0.05. Maana yake ni mara 337. Juu ya ardhi, kwenye hewa ambayo kila mtu huiona ni ya kawaida, ilikuwa karibu mara nne.

Sasa chukua barakoa nzuri, ile ya N95, siyo kitambaa cha kufunika mdomo. Ikivaliwa sawasawa, bila ndevu na bila kuvuliwa ili mtu apumue vizuri kwenye joto la duarani, yaani ndani ya shimo la kuchimbia, wataalamu huihesabu kuwa inapunguza vumbi mara kumi. Gawanya 337 kwa 10. Mchimbaji aliyetii kila neno la semina bado anavuta vumbi zaidi ya mara 33 ya kiwango. Maji yangesaidia kuliko barakoa, hilo silibishi, na anayetaka kulowesha miamba nchi nzima nitamuunga mkono. Ila mkazi wa Shinyanga anayenunua maji kwa madumu wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa kwa nini maji hayamwagwi kwenye mwamba.

Kinga inayohubiriwa, basi, ni nusu kinga. Hata ingekuwa kamili kuanzia kesho asubuhi, isingemgusa mtu aliyeshuka duarani mwaka 2012, Geita ilipofanywa mkoa, akapanda juu kwa mara ya mwisho miaka kumi baadaye. Huyu vumbi lake analo. Linaendelea kumla akiwa amelala nyumbani kwake, mbali na mgodi, pengine akichunga ng'ombe alionunua kwa fedha ya dhahabu. Ugonjwa huu hausimami kwa sababu kazi imesimama, na wahubiri wa kinga pekee hulipita hili haraka sana, ingawa ndicho kiini cha jambo lote.

Tazama kinachotokea ndani ya pafu. Punje ya silika iliyo ndogo kuliko sehemu ya mia ya milimita hupita puani na kooni bila kunaswa, ikatua kwenye vifuko vya hewa. Huko kuna seli za kinga ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Élie Metchnikoff, aliyeziona seli za namna hiyo zikifanya kazi mwaka 1882 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alizifahamu kama walinzi, na kwa vijidudu vingi ndivyo zilivyo. Makrofaji huimeza punje ya silika kama inavyomeza bakteria, lakini punje ile ni jiwe, haiyeyuki. Huishia kupasua kifuko kilichoimeza ndani ya seli. Mpasuko huo huwasha king'ora cha seli kiitwacho NLRP3, na seli humwaga intalukini-1, kemikali ya kuita msaada. Seli nyingine zinakuja. Iliyomeza inakufa, jiwe linatoka likiwa zima, linamezwa na inayofuata. Mzunguko huo unaendelea miaka na miaka, na kila duru huacha kovu dogo, hadi sehemu ya pafu iliyokuwa laini kama sifongo inakuwa ngumu isiyopitisha hewa.

Kwa hiyo anayesema vumbi ndilo linaloharibu mapafu amesema nusu. Jiwe lenyewe halina meno. Mwili ndio unaocharuka ukijaribu kuliondoa, na mcharuko huo usiokoma ndio unaojenga makovu. Silikosisi ni ugonjwa wa seli za kinga. Ukiikubali sentensi hiyo, na hakuna mtaalamu wa mapafu anayeikana, huwezi tena kusema kwamba kuchunguza seli za kinga ni jambo la pembeni kwa Geita, maana ugonjwa wa Geita umo humo ndani ya seli.

Na maarifa haya hayakuzuka kwenye ofisi nadhifu za Ulaya pasipo mchimbaji. Mwaka 1953 daktari Caplan alieleza habari za wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales waliokuwa na baridi yabisi pamoja na mabonge ya ajabu mapafuni. Mwaka 1957 Erasmus aliandika kuhusu wachimba dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini, ambao ngozi zao zilikuwa zikikakamaa kwa skleroderma, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe. Wachimbaji, wa makaa kwa wa dhahabu, ndio walioufundisha ulimwengu kwamba vumbi linaweza kuichanganya kinga nzima ya mtu, siyo mapafu tu. Baadaye ikaja zebaki: damu ya wachimbaji wadogo wa Amazon, Brazil, ilipopimwa ilikutwa na kingamwili zinazolenga viini vya seli za miili yao wenyewe. Kwetu mtu huyo mmoja huchoronga asubuhi na kuchoma zebaki jioni. Sehemu kama hii, ambapo mambo mawili yanayoivuruga kinga yanakutana katika kifua kimoja, mtafiti wa dunia angeitafuta kwa darubini, na sisi tunaambiwa haituhusu.

Najua jibu litakalofuata, nimelisikia mara nyingi: huku zahanati haina hata eksirei, wewe unaleta habari za seli! Jibu hilo lina nguvu ya kuaibisha, ndiyo maana linapendwa. Lakini hebu tuone kukosa kuelewa mcharuko kumetugharimu nini tayari, bila maabara yoyote.

Mchimbaji anayekohoa na kukonda huitwa mgonjwa wa kifua kikuu (TB). Mara nyingi ni kweli anacho, kwa sababu makrofaji zilizolewa silika hazina nguvu ya kuua bakteria wa TB, na hatari hiyo humfuata hata baada ya kuacha mgodi, kama ilivyoonekana kwa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini. Mara nyingine hana. Makohozi hayaonyeshi kitu, anaanzishiwa dawa kwa kukisia, anazimeza miezi sita, hapati nafuu, anaanzishiwa tena. Kijijini wanasema dawa zimemkataa, au kuna mtu amemroga. Kinachotakiwa hapo ni kipimo cha damu kinachoweza kutofautisha mcharuko wa bakteria na mcharuko wa jiwe, na kipimo cha namna hiyo hakipatikani pasipo mtu kukaa na damu ya wachimbaji wenye hali zote mbili na kulinganisha seli zao. Hakuna njia ya mkato. Wanaotaka eksirei kwanza wanataka kitu kizuri, lakini eksirei inaonyesha kovu lililokwisha kujengwa. Haionyeshi moto unaowaka sasa.

Shinyanga hasa ingepaswa kuwa ya mwisho kudharau elimu ya mcharuko. Katika mkoa huu vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Mekundu kwa moshi, kwa miaka ya kupikia samadi ya ng'ombe mahali ambapo miti imekwisha. Utando wa jicho uliovimba kwa moshi, dalili ambayo muuguzi yeyote anaweza kuieleza kwa dakika mbili, ulisomwa kama cheti cha uchawi. Sisemi kwamba maabara ingewazuia wauaji, wengi wao walikuwa na hesabu zao za mashamba na urithi. Nasema hatuna haki ya kuiita anasa elimu ambayo kutokuwepo kwake kumekuwa kisingizio cha kuchinja.

Tuje kwenye hela, kwa kuwa hapo ndipo hoja ya anasa inapojiegemeza. Inasemwa kwamba utafiti wa seli huzaa dawa za bei ya kutisha, ambazo hata bima haiwezi. Zipo, kweli. Lakini historia ya karibuni ina upande mwingine. Mwaka 2006 kundi la Jürg Tschopp huko Lausanne lilionyesha kwamba fuwele za asidi ya yuriki, zile zinazovimbisha kidole gumba cha mguu cha mgonjwa wa gauti, huwasha king'ora kilekile cha NLRP3. Miaka miwili baadaye, kundi hilo na mengine yakaonyesha kwamba silika nayo hukiwasha. Jiwe la mgodini na fuwele ya gauti vikawa ndugu. Gauti ina dawa ya kale, kolkisini, itokanayo na mmea. Baada ya mcharuko kueleweka, dawa hiyo kuukuu ilijaribiwa kwa watu waliopata shambulio la moyo, na matokeo ya mwaka 2019 kwa wagonjwa 4,745 yalionyesha imepunguza matukio mapya kwa takriban asilimia 23. Vivyo hivyo deksamethazoni, dawa iliyopo kwenye kabati la hospitali yoyote ya wilaya: Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wa korona walio kwenye mashine ya kupumulia. Dawa hizo hazikuvumbuliwa upya. Kilichokuwa kipya ni kujua mcharuko upi wa kuutuliza, kwa nani, na lini. Mwaka 2015 madaktari wa Italia waliripoti mgonjwa mmoja wa silikosisi aliyepata nafuu baada ya kuzuiwa intalukini-1. Mgonjwa mmoja si ushahidi wa kutosha kwa yeyote, ila ni mlango. Wa kuusukuma wawe wenye wagonjwa wengi zaidi, na wenye wagonjwa hao ndio sisi.

Hapa mpinzani mwerevu hubadilisha hoja. Anasema sawa, wacha wenzetu wafanye, dawa ikipatikana tutainunua au tutapewa msaada. Kati ya yote yanayosemwa, hili ndilo linaloniudhi, kwa sababu linadhani mwili wa mchimbaji wa Rwamagasa ni nakala ya mwili wa mtu wa Boston. Chukua dawa za kuzuia TNF, kemikali nyingine ya mcharuko. Ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya tiba. Feldmann na Maini wa London waliwaanzishia wagonjwa wa baridi yabisi mwaka 1992, na wagonjwa wakapata nafuu. Mwaka 2001 ikaripotiwa kwamba wagonjwa 70 waliotumia infliksimabu, mojawapo ya dawa hizo, walipata kifua kikuu, wengi baada ya sindano tatu au chini ya hapo. TNF ndiyo inayosaidia kuwafungia bakteria wa TB waliolala mapafuni, ukiiondoa wanatoka. Katika nchi ambako TB ni nadra, hilo ni tahadhari kwenye karatasi ya dawa. Kwenye kambi ya wachimbaji ambako watu wanalala bega kwa bega, ni kifo. Kanakinumabu nayo, inayozuia intalukini-1 na iliyojaribiwa kwa watu 10,061 hadi mwaka 2017, ilipunguza mashambulio ya moyo, lakini vifo vya maambukizi vikaongezeka. Nani atatuambia kiasi gani cha mcharuko kinaweza kupunguzwa kwenye kifua chenye silika na bakteria waliolala kwa pamoja? Boston hawana kifua hicho.

Tena tofauti hiyo ya miili siyo nadharia. Chanjo ya malaria ya PfSPZ, iliyojaribiwa Bagamoyo na Taasisi ya Afya Ifakara, iliamsha kingamwili chache zaidi kwa Watanzania kuliko kwa Wamarekani waliopewa chanjo hiyohiyo. Kinga iliyokulia kwenye malaria, minyoo na kichocho haijibu kama kinga iliyokulia kwenye maji ya bomba na majokofu. Na Geita ni nchi ya kichocho, uliza mvuvi yeyote wa ziwani.

Watafiti wa mjini Moshi wamekwisha kufika mbali zaidi. Mwaka 2021 wale wa hospitali ya KCMC pamoja na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha uchunguzi wa seli za kinga za Watanzania 323 wenye afya. Wale wa mjini seli zao zilikuwa zimecharuka zaidi kuliko za wale wa vijijini, na chakula kilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Wakaendelea. Mwaka 2025 wakatoa matokeo ya vijana wa kiume 77: waliotolewa kwenye chakula cha kienyeji cha Kilimanjaro wakapewa cha kizungu kwa wiki mbili walionekana kuingia kwenye mcharuko. Waliofanyiwa kinyume chake walipoa, na wengine walipewa mbege, pombe ya kienyeji ya ndizi, kwa wiki moja na seli zao zikabadilika kuelekea kwenye utulivu. Mbege! Kama kuna mtu bado anadhani kuchunguza seli za kinga ni kunakili mambo ya Wazungu, na aeleze hiyo mbege ilitoka kitabu gani cha Ulaya.

Mimi nikisoma hayo nafikiria kijana wa Maswa au Meatu aliyelelewa kwa ugali wa mtama, michembe na maziwa ya mgando, anakwenda Kakola au Mwakitolyo, na kuanzia hapo anaishi kwa chipsi mayai, soda na pombe kali, huku akivuta silika kutwa. Chakula chake kimeongeza petroli kiasi gani kwenye moto wa kifuani? Swali hilo linaweza kujibiwa kwa mrija wa damu, mashine ya kuizungusha, vijisahani vya maabara, punje za silika na mtu mwenye subira. Unatenga seli nyeupe, unazipa silika, unapima kiasi cha intalukini-1 zinachomwaga, kisha unarudia ukiwa umeongeza dawa unayoishuku kuwa itatuliza. Hospitali ya Bugando ya Mwanza na chuo chake kikuu wapo. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, tawi la Mwanza, wapo. Kibong'oto, hospitali ya kifua iliyoko Siha, imekuwa ikiwashughulikia wachimbaji wa Mirerani. Tusijifanye tunaanzia porini.

Kuna hofu ya damu, na siwezi kuicheka. Watu wa nchi hii wamesimulia habari za mumiani wanyonya damu tangu enzi za mkoloni, na sindano ya mgeni mwenye gari la kufunga vioo haijawahi kuwa kitu kidogo. Lakini hofu hiyo ni hoja ya kufanya utafiti kwa heshima, siyo ya kutoufanya. Damu ibaki kwenye majokofu ya Mwanza. Mchimbaji aelezwe kwa Kiswahili au Kisukuma inafanywa nini, na arudishiwe majibu yake. Akikutwa anaumwa apelekwe hospitali, asiandikwe namba tu. Dawa ikipatikana kutokana na seli hizo, mkataba uliosainiwa kabla ya sindano ya kwanza useme itauzwa hapa kwa bei gani. Hayo ni magumu, ila ni ya kujadiliana na mwanasheria, hayahitaji muujiza.

Na anayesema ukanda huu ni wa kupokea tu maarifa amesahau yaliyofanyika hapahapa. Mwaka 1995 jaribio lililofanyika vijijini katika Mkoa wa Mwanza, ambao wakati huo Geita ilikuwa wilaya yake, lilionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ililijadili. Wakati huo pia zahanati zilikuwa hazina eksirei.

Nimeliacha la fidia hadi hapa kwa sababu ndilo linalonifanya niandike kwa hasira. Mwaka 2018 kampuni kubwa za dhahabu za Afrika Kusini zilikubali kulipa takriban randi bilioni 5 kwa wachimbaji wenye silikosisi na kifua kikuu na kwa familia zao. Malipo yenyewe hayakuwa mepesi wala ya haraka, lakini yaliwezekana kwa sababu mchimbaji alikuwa na mwajiri, kadi na rekodi. Tanzania tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri ndiye huuchangia. Mchimbaji mdogo mwajiri wake ni nani? Mwenye duara anamlipa kwa viroba vya mawe, mwenye leseni hamjui jina, mnunuzi wa dhahabu hajawahi kumwona. Kinga haikumfikia na fidia haitamfikia. Kwa mtu huyu tiba ndiyo kitu pekee kilichosalia. Kumwambia kinga ni bora kuliko tiba ni kumsomea ratiba ya basi lililokwisha kuondoka.

Halmashauri zinazopata ushuru wa huduma na fedha za uwajibikaji kwa jamii kutoka migodi mikubwa hupanga kila mwaka zijenge nini: madarasa, taa za barabarani, uwanja wa mpira. Sizipingi taa. Nataka katika bajeti ijayo eksirei ya wachimbaji inunuliwe, na chumba kinachofuata kiwe na mashine ya kuzungushia damu, jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, na kijana mmoja aliyehitimu Bugando ambaye mshahara wake hautegemei mfadhili.